Hojaji, baraza au kukaa ukitazama: njia ipi ya kuwauliza watu kabla ya kujenga Lamu?

Kamati ya mtaa inayotaka kuongeza ghorofa juu ya madrasa, kujenga banda la abiria gatini au kupanua chumba cha kusubiri cha zahanati huwa na uwezo wa kuwauliza watu mara moja tu. Ikichagua njia isiyofaa, majibu yatakuja tele na msanifu hatapata la kuchora. Nimebeba hojaji za wasanifu katika vichochoro vya Lamu kwa miaka kadhaa. Nimekaa pia katika mikutano ambako mchoro ulikubaliwa, fatiha ikasomwa, kisha ukuta ukabomolewa kabla haujapakwa chokaa. Ninaandika kwa ajili ya kamati kama hizo, na kwa wasanifu vijana wanaovuka kutoka Mokowe au Manda wakiwa na karatasi zao tayari mkononi.

Njia nitakazozilinganisha ni hojaji ya mlango kwa mlango, baraza, fomu ya kwenye simu, kukaa ukitazama, na kamba za kupimia chumba ardhini. Hojaji na baraza nitazikawilia, maana hapo ndipo kamati nyingi hukwama.

Baraza na hojaji

Kwetu baraza ni benchi la mawe katika daka, yaani kiukumbi cha mlangoni mwa nyumba, na baraza pia ni mkutano. Yote mawili ni ya watu wanaokaa nje. Ukiita mkutano Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya sala ya alasiri, watu watakuja, tena kwa gharama ndogo: viti, kipaza sauti, maji ya kunywa. Na baraza lina nguvu ambayo karatasi haina. Niliwahi kumwona mzee akisimama na kusema kwamba kiwanja kilichopangiwa choo ni cha wakfu, na mchoro uliofanyiwa kazi wiki tatu ukakunjwa pale pale. Sijawahi kubeba hojaji yenye swali la wakfu, wala la kisima kilichofukiwa, wala la njia ya maiti kuelekea makaburini. Mtu haulizi asilolijua. Barazani huambiwa bila kuuliza.

Barazani watu husikilizana vilevile. Mvuvi anayetaka gati lirefushwe humsikia mwenye duka anayeogopa kuzibiwa mlango, na kila mmoja huondoka akijua kwamba mwenzake ana haja yake. Hojaji hukusanya maoni ya watu mia ambao hawajasikiana hata kidogo.

Udhaifu wa baraza nao ni mkubwa. Mzee anayeheshimika akishasema, wanaofuata husema alilosema. Kijana anayepinga huinamisha kichwa kwa adabu, na adabu hiyo huandikwa katika kumbukumbu za mkutano kuwa ridhaa. Wanawake wakija hukaa nyuma; wengi hawaji kabisa, kwa kuwa saa ile wako jikoni au na watoto. Mchoro unaotokana na baraza pekee huwa ni mchoro wa daka. Huufahamu vizuri mlango wa mbele na kichochoro, lakini haufahamu yanayotendeka ndani wala darini.

Hapa ndipo hojaji inapopata kazi yake, kwa sharti moja ambalo waandaaji wengi hulisahau: anayebisha hodi ni nani. Karani mwanamume huishia dakani. Atamhoji baba wa nyumba, au kijana wake, kisha ataandika kwamba nyumba imejibu. Karani mwanamke hukaribishwa hadi msanani, ukumbi wa ndani ya nyumba, huletewa kahawa, na huhojiana na bibi, mama na binti. Hojaji ni ile ile, maswali ni yale yale, lakini huo ni utafiti mwingine kabisa. Kama fedha zinatosha karani mmoja tu, na jengo litatumiwa na wanawake au litapakana na nyumba zao, nawashauri mumchukue mwanamke.

Nitaeleza lililonifunza hilo. Madrasa moja ya mtaa ilitaka ghorofa ya pili. Hojaji ya kwanza, iliyobebwa na vijana wanaume, ilikuwa na swali hili: «Je, ungependa madarasa yawe na madirisha makubwa ya kuingiza upepo?» Karibu kila jibu lilikuwa ndiyo. Nani wa kukataa upepo? Msanifu akachora madirisha mapana upande wa kusini, ambako upepo wa kusi huingilia, na kwa hesabu ya hewa alikuwa sahihi. Niliporudi na karatasi ya pili katika nyumba za upande ule ule, bibi mmoja alinishika mkono akanipandisha darini. Akanionyesha kamba ya nguo, majamvi, na mahali wanapokaa yeye na wakwe zake alasiri wakisukana nywele. Akanyoosha kidole kwenye sakafu ya juu ya madrasa. «Mwanangu,» akasema, «upepo twautaka, macho hatuyataki.»

Hakuna aliyedanganya katika hojaji ya kwanza. Swali ndilo lililokuwa bovu. Liliuliza juu ya jambo zuri bila kutaja gharama yake, na liliwauliza watakaokaa ndani ya dirisha bila kuwauliza watakaotazamwa. Katika mji ambao nyumba zake zimejengwa kwa kugeukia uwazi wa ndani, zikiipa njia ukuta mtupu, swali la dirisha haliwezi kutenganishwa na swali la stara.

Kwa hiyo, kamati ikichagua hojaji, iandike kwanza uamuzi wa mchoro unaosubiri jibu, ndipo itunge swali. Kama hakuna mstari wowote utakaohama kwa sababu ya jibu, swali hilo lifutwe. «Je, ungependa jengo zuri, salama na lenye hewa?» halihamishi mstari wowote, na linabeba maswali matatu kwa mpigo. «Dirisha la upande wa kusini liwe chini na pana, au liwe juu ya kimo cha mtu na upepo upungue kidogo?» linahamisha. Afadhali zaidi ni kuuliza yaliyotendeka badala ya yanayotamaniwa: jana alasiri ulikaa wapi, ulianika nguo wapi, mtoto alipita njia gani kwenda madrasani. Mtu hukumbuka jana yake vizuri kuliko anavyobashiri kesho katika jengo asilowahi kuliona. Na kwetu mgeni aliyekuja na karatasi ni mgeni vilevile. Watu watampa ndiyo yake asiondoke na aibu. Swali la jana haliombi ndiyo.

Lugha nayo inataka uangalifu. Katika mradi mmoja fomu zilijazwa Lamu na kuingizwa kwenye kompyuta mbali na hapa. Ripoti ikarudi ikisema wakazi wanadai kiwanda, na chini yake maelezo kuhusu nafasi za ajira. Watu walikuwa wamesema wanataka kiwanda, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba unaoingiza mwanga na hewa. Walikuwa wanazungumzia usanifu wa nyumba zao kwa neno lake sahihi la hapa, na neno hilo likageuzwa mitambo na mabomba ya moshi. Tangu hapo sikubali fomu isiyosomwa kwanza na watu wawili wa mtaani, mmoja mzee na mmoja kijana.

Sasa idadi. Kamati huniuliza kila mara wahojiwe wangapi, na wengi hudhani ni sehemu fulani ya wakazi wote. Sivyo. Ukiwachagua watu 100 kwa bahati nasibu, asilimia utakayoipata yaweza kupotoka kwa takriban pointi 10 juu au chini. Ukitaka upotofu upungue hadi 5, utahitaji watu karibu 400, yaani kuukata nusu kunakudai kazi mara nne. Idadi hiyo haibadiliki sana ukiuliza mji mmoja au kaunti nzima ya Lamu, ambayo katika sensa ya 2019 ilihesabiwa watu 143,920. Ila mradi wa mtaa mmoja wenye nyumba sitini hauhitaji sampuli. Gonga milango yote. Mimi sijawahi kumaliza nyumba kumi kwa siku bila kuwavunjia watu heshima, kwa hiyo nyumba sitini ni kazi ya zaidi ya wiki moja, na inawezekana.

Bahati nasibu kwetu ina ugumu wake. Vichochoroni huwezi kutegemea namba za nyumba, na nyumba moja ya mawe yaweza kuwa na familia tatu na milango miwili, mmoja njiani na mwingine juu ya ngazi. Chumba cha wikio, kile kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, chaweza kuwa cha nyumba ya kulia au ya kushoto, na kwa macho huwezi kujua. Chora ramani ya milango kwanza, siyo ya mapaa. Siku moja ya kutembea na mtu wa mtaa huo inatosha, na ramani hiyo itamfaa msanifu hata hojaji ikiharibika.

Kuna jambo la sheria ambalo halipaswi kuchanganywa na haya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Lamu tunajua uzito wake. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari ya Lamu, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, na upungufu wa ushirikishwaji ukiwa sababu mojawapo kubwa. Kwa hiyo hojaji pekee si ngao. Watu wana haki ya kuelezwa mradi na kusikilizwa ana kwa ana, na kwa hilo baraza halina mbadala. Lakini orodha ya waliohudhuria baraza, hata ikiwa na sahihi mia tano, haimwambii msanifu mlango ukae wapi. Haki ya kusikilizwa na taarifa za kuchorea ni haja mbili, na kila moja inataka njia yake.

Fomu ya kwenye simu

Hii ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayopendwa na vijana wa kamati. Unatunga maswali usiku, unayatuma katika makundi ya WhatsApp, na asubuhi una majibu mia tatu. Tatizo ni kwamba hujui yametoka kwa nani. Mtu wa Mombasa aliyezaliwa Langoni atajibu, binamu yake aliye Ughaibuni atajibu, na mwenye nyumba ya wageni Shela atajibu mara mbili. Bibi wa darini hatajibu.

Wingi wa majibu hauponyi kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, likapokea zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Anwani zilikuwa zimetolewa kwa wingi katika orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa dhiki ambapo wengi hawakuwa na kimoja wala kingine. Hojaji ndogo iliyochagua watu kwa uangalifu ingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Nina matumizi mamoja tu ya fomu ya simu ambayo nayatetea kwa moyo wote. Nyumba nyingi za mawe zina warithi walio mbali, na mradi unaogusa ukuta wa pamoja hauwezi kwenda bila wao. Hao uwapate kwa simu. Ila ukichukua majina na namba zao, kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019: waeleze unazitaka kwa ajili ya nini, na usizipeleke kwingine bila idhini yao.

Kukaa ukitazama

Kwa jengo la umma, mahali ambapo watu hupita au husubiri, naipenda njia hii kuliko hojaji. Inataka daftari, saa na subira. Unakaa mahali pamoja alfajiri, adhuhuri, alasiri na baada ya magharibi, unahesabu na kuchora: nani kasimama, nani kakaa, punda mwenye mzigo wa mawe kapita upande gani, watoto wamekimbilia wapi jua lilipogeuka.

Tuliwahi kuuliza abiria kuhusu banda la kusubiri mashua. Walisema viti vichache, waongezewe. Tukakaa siku mbili tukitazama, na viti vilivyokuwepo vilikuwa vitupu. Watu walikuwa wamesimama ukingoni juani na mizigo yao, kwa sababu viti viliipa bahari mgongo na mtu aliyekaa hakuweza kuona mashua yake ikifika. Hawakutudanganya, ukiulizwa kuhusu banda, neno la kwanza linalokuja ni viti. Kilichohitajika ni kuvigeuza.

Wasanifu wa Ufaransa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal walipewa mwaka 1996 kazi ya kupamba uwanja mdogo wa mtaa huko Bordeaux. Walikaa wakatazama, wakazungumza na wakazi, wakaona uwanja ule una miti yake, mabenchi yake, na watu wanaocheza na kupumzika kama walivyozoea. Wakapendekeza usijengwe chochote: changarawe ibadilishwe, miti itunzwe, usafi uwe wa mara kwa mara. Sijui hojaji ambayo ingeleta jibu hilo, maana hojaji ikishachapwa huwa imekwisha kuamua kwamba kuna kitu kitajengwa.

Kutazama hakuoni yaliyo ndani ya kuta, na hakumwoni asiyekuja. Mwanamke ambaye hapandi mashua kwa sababu gati halina choo hatahesabiwa katika daftari lako. Na chagua majira. Aliyetazama wakati wa kaskazi hajui mvua ya kusi inavyopiga upande wa banda, na aliyekuja Mfungo Sita wakati wa Maulidi amehesabu wageni. Hali hii ya majira huikuta hojaji pia, lakini kwa mtazamaji ni kosa kubwa zaidi.

Kamba na chokaa ardhini

Hii ni njia ya mwishoni, mchoro ukishapatikana. Unachukua kamba, vigingi vya mbao na chokaa, unachora chumba ardhini kwa ukubwa wake halisi, kisha unawaita watakaokitumia wakikanyage. Watu hawaishi kwa mita. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, havizidi upana wa mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyobeba dari. Mwili wa mtu aliyekulia humo unaujua upana huo. Ukimwambia darasa litakuwa mita sita kwa nane, atasema vizuri. Ukimsimamisha katikati ya chokaa, atauliza nguzo iko wapi, na hapo mmeanza kuzungumza.

Msanifu Francis Kéré, alipojenga shule ya msingi ya Gando kwao Burkina Faso, iliyokamilika 2001, alikuta wanakijiji hawaamini udongo, kwa kuwa walikuwa wameona nyumba za udongo zikianguka kwenye mvua. Katika kazi zake za huko alijenga tao la mfano na watu wakapanda juu yake. Kwa jambo ambalo watu hawajaliona, swali la karatasi hupima hofu yao tu. Waonyeshe kwanza, ndipo uulize.

Basi uchague ipi

Ningeuliza kwanza: mradi huu ukiharibika, ataumia nani ambaye hakuwepo tulipokubaliana? Kama ni mwanamke wa nyumba jirani, njia ni hojaji ya mlango kwa mlango yenye karani mwanamke, hata ya milango ishirini. Kama ni mpita njia na mchukuzi, kaa utazame. Mrithi aliye mbali atafutwe kwa simu. Kama ni mtaa mzima kwa sababu ya ardhi, mpaka au wakfu, ita baraza kabla ya kitu kingine chochote, na usipeleke mchoro uliokwisha. Peleka karatasi nyeupe na ramani.

Kamati yenye wiki tatu na fedha kidogo naishauri hivi: baraza siku ya kwanza, ramani ya milango siku ya pili, kutazama kwa siku tatu katika saa tofauti, kisha milango ya jirani wanaopakana na jengo, maswali yasiyozidi kumi, na wiki ya mwisho kamba ardhini. Wakilazimika kupunguza, wapunguze idadi ya maswali. Wasipunguze milango ya jirani wa ukuta kwa ukuta.

Madrasa ile iliishia kufanya hivyo, ingawa kwa kuchelewa. Madirisha ya kusini yalichorwa upya kwa mabamba ya mbao yaliyoinama, yanayopitisha upepo na kumwonyesha aliye ndani mbingu tu, na fundi akatoa kipaa kifupi juu yake kwa ajili ya mvua. Kabla jiwe halijapanda, tulisimamisha fremu moja ya mbao juu ya paa la zamani, mwanafunzi akakaa nyuma yake, nami nikarudi darini kwa yule bibi. Alisimama penye kamba yake ya nguo, akatazama kwa muda, akasogea hadi penye majamvi, akatazama tena. Akasema tuiinue kwa shubiri moja. Tukaiinua.